Vyura Walioitwa Kabla ya Mvua

Barua ya rambirambi ya Daktari ilisomwa kwenye kipaza sauti mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kilugbara, na mara zote mbili marehemu aliitwa mpagazi. Mpagazi mwaminifu wa safari zetu za kisayansi. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, kwenye safu ya viti vya plastiki waliyotengewa walimu, na nusura niteme mate mbele za watu. Mzee Ezati hakuwahi kumbebea Daktari hata kofia. Aliyebeba ni mimi: sufuria, mitungi ya spiriti, kitanda cha kukunja, na karatasi za chooni za Daktari, ambazo zilikuwa na mfuko wao peke yao zisije zikalowa. Ezati alitangulia mikono mitupu, panga kiunoni, akitafuta njia, na bila yeye Daktari angekuwa mpaka leo anawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza sehemu za panzi. Chura yule wa mlimani ndiye aliyempa uprofesa, gari na nyumba ya ghorofa, na Ezati ndiye aliyejua chura yule analala wapi. Sasa Ezati yuko ndani ya sanduku la mbao, na Daktari ametuma karatasi moja na shada la maua ya plastiki. Watu walipiga makofi. Watu wa kwetu hupigia makofi barua yoyote yenye mhuri.

Na mimi nilitajwa. Mwenyekiti wa kijiji alisema tunaye hapa Mwalimu Sauda, ametoka Koboko, mwanamke wa kwanza kumshika chura yule kwa mkono wake, nikasimama nikapunga mkono kama mgombea ubunge. Upande wa pili wa uwanja, nje kabisa ya turubai, karibu na zizi la mbuzi, alikaa Anguyo, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, mchoma mkaa. Alikaa juu ya gogo alilojisogezea mwenyewe. Miguu yake ilikuwa haijakanyaga boma lile kwa miaka mingi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Alikuja kumzika kaka yake, akakaa kama mtu anayengoja basi. Nilimtazama mara moja, kisha nikawa natazama viatu vyangu. Sababu ya Anguyo kukaa kule naijua mimi, nimeijua siku zote, na ndiyo maana naandika sura hii badala ya ile niliyoikusudia, ya ndoa yangu, ambayo hata hivyo haikuwa na la maana.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri zisizo na kazi. Habari za ukoo wangu naziacha. Wanubi wa Koboko tunajuana, na asiyetujua hatapungukiwa na kitu. Nilipata kazi Arua, katika nyumba moja ya kupanga kule Awindiri, nyumba ya vyumba vinne na veranda, ambayo mlangoni ilibandikwa karatasi iliyoandikwa jina refu la mradi. Mradi wenyewe ulikuwa mtu mmoja, Daktari, mtaalamu wa vyura kutoka kusini. Kazi yangu iliitwa msaidizi wa utafiti. Maana yake nilipika, nilifua, niliandika vibandiko vya mitungi kwa mwandiko mzuri, na nilikaa kimya wageni walipokuja. Mitungi ilipangwa juu ya meza ya kulia chakula, kwa sababu Daktari alisema hapo ndipo penye mwanga, kwa hiyo kila mlo katika nyumba ile uliliwa magotini, mbele ya vyura waliokufa macho wazi. Harufu ya dawa yao iliingia kwenye mapazia, kwenye mkate, kwenye nywele zangu. Nilipokwenda nyumbani Koboko siku ya Idi, watoto walisogea pembeni wakauliza nani anaumwa.

Daktari hakula enyasa, ule ugali wetu wa mihogo na mtama, alisema unamkaba. Hakula sombe, kisamvu chetu, kwa sababu ni majani, na samaki wa Nile alimla tu akishatolewa kichwa, asije akatazamana naye, mtu ambaye alishinda na vyura wamemkodolea macho tangu asubuhi. Nilimpikia ndizi zilizotoka kwao kwa basi, zikifika zimeiva na kupondeka. Kiswahili alikijua lakini hakukitaka. Alisema ni lugha ya askari, lugha ya kuporea kuku, na akiniongelesha kwa lugha hiyo aliniongelesha kwa amri: leta, toa, funga. Mimi mjukuu wa askari nilileta, nikatoa, nikafunga. Siku hizi wanafunzi wangu wananiona mkali, wanasema Mwalimu Sauda hana simile. Wangeniona Awindiri, na kanga yangu na trei yangu, ndiyo bwana, hapana bwana. Najidharau nikikumbuka, na nakumbuka kila ninapoosha vikombe.

Dirisha la jikoni lilitazamana na veranda, na kila nilichokijua cha maana mwaka ule nilikisikia nikiwa naosha vyombo. Mgeni mmoja kutoka kwa wafadhili alikuja mwezi wa pili, akakaa na Daktari wakinywa chai yangu. Daktari akamweleza kwamba mlimani, juu kule mpakani, mguu mmoja Uganda na mguu mmoja Kongo, kuna kipande cha msitu chenye chura wa miti asiyejulikana na vitabu, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza kumwandika. Mgeni akauliza yuko wapi huyo chura. Miezi saba tulikuwa tumepanda na kushuka, na chura hatukumwona hata unyayo. Mgeni akasema mradi unafungwa mwisho wa mwezi wa tatu, ukiwa na chura au hauna. Mvua za mlimani huanza mwezi wa nne. Jioni ile Daktari aliniita sebuleni, akanikalisha kwenye kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia kwa Kiswahili laini kabisa kwamba nikimsaidia kumpata chura yule kabla nyumba haijafungwa, ataniandikia barua ya kwenda chuo kikuu na mfadhili atanilipia mpaka mwisho. Hapo ndipo aliponinunua. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri.

Mlima wenyewe sitautaja jina. Waliolijua jina walifika na mifuko. Chini yake palikuwa na boma la Ezati, na kila tulipopanda tulilala hapo kwanza, Daktari katika hema lake na dagaa zake za kopo, mimi katika kibanda cha jikoni na wanawake. Ezati na Anguyo walikula pamoja bakuli moja kila siku, mbele ya mlango wa Ezati, mikono yao ikipishana kwenye enyasa bila hata kuangalia. Anguyo alikuwa na mdomo mrefu. Alimwita Daktari baba wa vyura, akamwuliza kama vyura wa kusini wamekwisha mpaka afuate wa maskini. Ezati alicheka akijaribu kutocheka. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba chura yule hukaa juu kabisa ya miti kiangazi chote, amejikunja ndani ya majani, hali, hanywi, na hushuka siku ile tu mvua ya kweli inapopiga. Akishuka huimba kwenye vidimbwi vya mwambani, na wanawake wa pale wakisikia sauti hiyo kesho yake hupanda mtama, kwa kuwa mvua nyingine zote hudanganya, hiyo haidanganyi. Basi angoje, alisema Ezati. Daktari aliposikia neno kungoja alifunga daftari lake.

Sasa nije kwenye akili yangu, akili niliyojivunia sana. Kwetu, mvua zikishanyesha na kichuguu kikawa tayari, wanawake huketi juu yake, hufunika kwa blanketi, humwagia maji na kugonga vijiti juu ya ubao, tak-tak-tak, mpaka kumbikumbi walio ndani wanadhani mvua imerudi, wanatoka wenyewe kuingia chunguni. Nimegonga vijiti hivyo tangu nina miaka sita. Jioni moja, Ezati akiwa anakula, nilimwuliza kwa nini tusiwapigie vyura namna ile ile. Aliacha tonge lake.

"Kumbikumbi mutu anaita nyuma ya mvua," Ezati aliniambia polepole. "Mbele ya mvua, unatoa yeye aende wapi? Udongo iko kavu. Binti, hapana fanya."

Nikasema ndiyo, Mzee. Na nilijua, hakuwa ananifundisha kitu. Kila mtoto wa kike wa kule kwetu anajua kwamba ukigonga kichuguu kikavu unatoa wote wakafie juu, na mwaka unaofuata kichuguu hakina kitu. Ni jambo la kuchapwa nalo. Lakini tuliporudi Awindiri nilimweleza Daktari, na nilimweleza vizuri, kwa Kiingereza sanifu, nikitumia maneno ya kitabuni niliyoyatafuta usiku kucha. Alinitazama kama ambaye ndiyo kwanza ananiona. Sehemu ya Ezati, ile ya udongo mkavu, nilimwambia kwa sauti ndogo mwishoni, naye akasema wenyeji wana miiko mingi. Nilitabasamu. Mwenyeji ni nani kama si mimi, na bado nilitabasamu.

Tulipanda wiki ya tatu ya mwezi wa tatu, Ezati alipokwenda Aroi kwenye msiba wa mashemeji zake. Siku hiyo niliichagua mimi. Juu kule palikuwa na mwamba wenye bonde dogo katikati, umefunikwa na miti mirefu, bonde kavu lenye majani makavu ndani yake. Nilichota maji chemchemini, jerikeni mbilimbili, siku tatu mfululizo, mpaka bonde likajaa na miti ya kando ikalowa, nikainyunyizia kwa tawi. Jua lilipokuwa linazama tulijifunika turubai, nikaigeuza jerikeni tupu na kuanza kugonga, polepole kwanza, matone makubwa machache, kisha haraka. Jioni ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya pili alilia mmoja, mbali, akaacha. Ya tatu, wakati wa magharibi, nilikuwa nagonga mikono imekufa ganzi nikasikia juu ya kichwa changu sauti ndogo kama ya mtu anayegonga kikombe kwa kijiko, halafu nyingine, halafu mti mzima, halafu miti yote. Walishuka. Walishuka kwenye vigogo wakiwa wembamba, ngozi imewakunjamana kwa kiangazi, kijani kibichi chenye mstari wa dhahabu ubavuni, na mmoja alikuja akakaa kwenye kifundo cha mkono wangu, baridi, koo linampiga. Nisiseme uongo, nililia kwa furaha. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile, na nilikuwa nimekiita mimi.

Daktari hakulia. Alikuwa na tochi kichwani na mifuko ya plastiki, akiruka huku na huku kwa wepesi nisiowahi kumwona nao, mtu ambaye alinituma chumvi iliyokuwa mbele yake. Aliokota kila alichokifikia. Nilimwuliza kama na majike pia, yale yenye matumbo yaliyojaa, akasema hasa majike. Yule wa mkononi mwangu nilimtia mfukoni mwenyewe, nikafunga fundo. Kulipopambazuka mitungi yote ilikuwa imejaa, na wale waliokwepa tochi walikuwa wamekwisha fanya walichoshukia. Mayai yao yalining'inia kwenye majani juu ya maji, yanateleza kama mlenda wa bamia, kila mahali nilipotazama. Viluwiluwi vyao hudondoka majini baada ya wiki mbili hivi. Maji ya bonde lile, maji yangu, yalikuwa yamekwisha kushuka kiganja kizima usiku ule mmoja.

Nilimwambia Daktari kwamba maji yatakauka. Alikuwa anakunja kitanda chake. Akasema maumbile yatajipanga. Nami nilijua kwamba jerikeni mbili au tatu kwa siku zingetosha, mpaka mvua ishike, wiki tatu, labda nne. Chemchemi haikuwa mbali. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na mikono, nilikuwa na blanketi na unga. Ningebaki. Au ningemngoja Ezati arudi, nimwambie nimefanya ulichokikataza, tusaidiane kuchota. Lakini mfadhili alikuwa anatua Arua siku inayofuata, na Daktari alisema anataka anione mimi mwenyewe nikiwa nimeishika mitungi, ili barua iwe na uzito. Nikashuka mlima nimeikumbatia mitungi kifuani isije ikapasuka. Tulipopita bomani Anguyo alikuwa anapakia magunia ya mkaa kwenye baiskeli, akauliza kwa utani kama baba wa vyura amepata watoto. Nikasema tumepata kidogo.

Barua niliipata, nzuri, kurasa mbili. Nilisoma, nikahitimu, nikarudi Koboko kufundisha biolojia. Chura akapewa jina la mke wa mfadhili, mama ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga matope. Andiko la Daktari nililisoma maktabani. Lilisema chura yuko hatarini, na kwamba hatari yenyewe ni wachoma mkaa. Likaja bango lenye picha, wakaja walinzi na mijeledi, wakawachapa watu wa chini ya mlima kwa ajili ya chura ambaye nilikuwa nimemwacha akauke. Bango lile leo ni mlango wa banda la kuku. Mkaa nao una lake, sitaki kumpaka Anguyo mafuta, alikata miti. Lakini alikata upande wa chini, na vyura walikuwa juu, na miti ya juu imesimama mpaka leo, mirefu, mizuri, haina kitu ndani.

Ezati alisikiliza mvua ya mwaka ule, mimi sipo. Waliolia walikuwa wachache. Mwaka wa pili walilia wawili watatu, na wa tatu hapakuwa na sauti, wanawake wakapanda mtama kwa kubahatisha. Nilipoanza kazi nilikwenda kumsalimu kila mwaka msimu wa mvua, na kilo ya sukari na sabuni, kama mtu mwema. Kila mwaka, chai ikishamiminwa, aliniuliza kitu kimoja.

"Mwalimu, wewe umesoma. Hii vyura, ni kweli ni mkaa ilimaliza?"

Nami nilijibu, "Ni mkaa, Mzee." Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Baadaye nilijibu huku nakoroga chai. Hakuwa mtu wa ugomvi. Alihamisha tu bakuli lake, akawa anakula ndani, peke yake, na Anguyo akawa anakula kwake. Mke wa Anguyo alipofariki, Ezati hakwenda kuzika, na ninyi mnaotoka kule mnajua maana ya kaka kutokwenda kumzika shemeji yake mlango wa pili. Nilipoambiwa habari hiyo nilisema pole. Nilikuwa nasahihisha madaftari.

Watu kama Daktari nawadharau, na sitaacha, lakini Daktari hakuulizwa. Alikwenda zake na mitungi yake, hakuwahi kurudi kunywa chai ya Ezati na kumtazama usoni. Mimi ndiye niliyeinywa, mwaka baada ya mwaka, na tangu habari ya msiba iliponifikia nilikuwa najiambia nitasema, nitasema kwenye kipaza sauti, mbele ya wote. Kipaza sauti nilipewa. Nilipokishika nilizungumzia umuhimu wa mazingira.

Jeneza liliponyanyuliwa, watu wakasogea kaburini, ndipo nilipozunguka nyuma ya turubai hadi kwenye zizi la mbuzi. Anguyo alikuwa amesimama, kofia mkononi, hajasogea. Amezeeka, vidole vyake vyeusi kwenye mikunjo, weusi usiotoka tena. Nilimsalimu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, jerikeni, turubai, siku ya msiba wa Aroi, mayai, kila mwaka na kila jibu nililompa kaka yake. Nilisema haraka haraka kwa sababu nilisikia wameanza kuimba. Nilipomaliza niliinamisha kichwa nikingoja anitukane, na kwa kweli nilitamani, ningerudi Koboko nikiwa mwepesi kidogo.

Anguyo alivaa kofia yake, kisha akaivua tena kwa sababu alikuwa anakwenda kaburini.

"Sasa unaambia mimi ya nini?" alisema. "Yeye ndiye alikuwa anauliza."

Akanipita, akaenda kuomba koleo.